Mbwa wa Goba hawalali, na majirani zao pia

Daladala za mwisho zikishapita Njia Nne na kuteremkia upande wa Makongo, Goba huanza kusikika. Mchana ni mtaa wa matofali, malori ya mchanga na bodaboda zinazopanda vilima kwa kulalamika. Usiku ni mtaa wa mbwa. Anaanza mmoja bondeni, pengine kaona paka juu ya ukuta. Wa pili anamjibu kutoka kilimani, wa tatu anadakia upande wa Kinzudi, na dakika haijaisha bonde zima linabweka. Kufikia hapo hakuna tena mbwa anayekumbuka habari yenyewe ilikuwa nini.

Goba ni kata ya Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam, iliyokaa kati ya barabara kuu mbili: ya Morogoro ukitokea Mbezi Mwisho, na ya Bagamoyo ukitokea Tangi Bovu. Wenyeji wanaikumbuka ikiwa mashamba ya mihogo, mikorosho na miembe. Watu wa mjini wakaja wakanunua viwanja, wakajenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka mwingine bati. Nyumba zilikuwa mbalimbali, taa za barabarani hakuna, na wezi wa nondo na mifuko ya saruji walizijua njia zote. Ndipo mbwa alipoingia. Kwa familia nyingi alifika kabla ya umeme, akalala juu ya rundo la mchanga kulinda nyumba ambayo haijapauliwa.

Leo viwanja vimejaa na ukuta wa huyu umegusana na ukuta wa yule. Mbwa wamebaki na kazi yao ileile. Kilichobadilika ni kwamba jirani aliyekuwa mbali kiasi cha kuitwa kwa simu, sasa kitanda chake kiko hatua kumi kutoka kwenye banda.

Ukitembea jioni katika mtaa wowote wa kata hii utasoma geti baada ya geti: "Mbwa Mkali". Mengine yamechorwa kichwa cha mbwa mwenye masikio yaliyosimama, meno nje, ulimi mwekundu. Nyuma ya geti la namna hiyo mara nyingi yuko mbwa wa kawaida kabisa, wa rangi ya udongo, anayekula ugali wa dona na dagaa, na anayemjua muuza maziwa kwa mlio wa baiskeli yake. Nyuma ya mageti mengine wapo mbwa wa kizazi cha kigeni walionunuliwa kwa pesa nyingi, wenye manyoya ya nchi za baridi, wanaohema mchana kutwa chini ya tangi la maji. Na yapo mageti yenye kibao tu, mbwa hamna. Wezi, kwa bahati mbaya, ndio wanaoyajua mapema.

Utaratibu wa nyumba nyingi unafanana. Mchana mbwa hufungiwa bandani au hufungwa mnyororo kwenye mti. Saa nne usiku anafunguliwa. Saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajatoka kusubiri basi la shule, anarudishwa. Watu wanaona ni busara: mchana asimng'ate mgeni, usiku afanye kazi. Hesabu hiyo ikitazamwa upande wa mbwa inasomeka vingine. Ni mnyama aliyekaa saa kumi na saba ndani ya boksi lisilozidi meza ya chakula, akisikia kila pikipiki, kila mtoto, kila kuku, bila kuweza kwenda kuona. Akifunguliwa, kila alichokikusanya mchana kinatoka kwa mdomo.

Sauti yenyewe ina maana zake, na mama aliyezoea kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi cha mtoto wake hatapata shida kuzijifunza. Mbweko mzito, wa haraka, wenye kukatika ghafla ili mbwa asikilize, ni wa taarifa: kuna mtu. Mbweko wa juu unaorudiwa kwa mwendo mmoja, kama msumari unaogongwa, ni wa upweke na kuchoka kukaa. Mwingine una mnguruno ndani yake na mbwa anarudi nyuma huku akibweka. Huyo anaogopa, na mbwa mwoga ni wa kuogopwa kuliko yule jasiri. Kuna pia ile ya kuvuta sauti kwenda juu, pua ikielekezwa mbinguni, ambayo Goba huisikia adhana ya alfajiri inapoanza. Watu wameitungia hadithi nyingi. Mbwa anaitikia sauti ndefu inayopanda na kushuka kwa sababu inafanana na mwito wa mbwa wenzake walio mbali, kama anavyoitikia king'ora cha gari la wagonjwa.

Hapo ndipo ugomvi wa majirani unapoingia. Dar es Salaam ni mji wa pwani, na kwa jirani Mwislamu mate ya mbwa ni najisi inayomlazimu kuosha nguo kabla ya swala. Mafundisho hayohayo yanaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo, na majirani wengi wa imani tofauti wameishi kwa kuheshimiana miaka yote. Shida huwa kubwa pale mbwa anaporuhusiwa kuzurura, akalamba ndoo kibarazani kwa mwenzake, au anapobweka kuanzia saa sita mpaka watu wanaamka. Kesi hizo huanzia kwa mjumbe, zikishindikana zinapanda ofisi ya serikali ya mtaa. Zikishindikana zaidi, kuna mtu anatupa kipande cha nyama chenye sumu juu ya ukuta. Jambo hilo watu hulisema kwa sauti ya chini, lakini watoto wa nyumba ile ndio wanaomkuta mbwa asubuhi.

Kifaa kinachouzwa kwenye simu

Katika ugomvi huo ndipo muuzaji wa mtandaoni anapotokea na dawa yake. Picha inaonyesha mbwa mweusi, mtulivu, mwenye mkanda shingoni na kiboksi kidogo cha plastiki. Maelezo yanasema mbwa wako ataacha kubweka siku hiyohiyo. Mkanda huo wengi huuita kola, na si kola moja.

Ya kwanza ni ya umeme. Kiboksi chake kina vijiti viwili vya chuma vinavyopaswa kugusa ngozi ya koo. Mbwa akibweka, mtetemo wa koo au sauti yake huwasha kifaa, na vijiti vinapitisha mshtuko. Nyingine huongeza nguvu kila mbwa anaporudia. Zipo zinazoendeshwa na mwenye mbwa kwa rimoti, akiwa amekaa barazani. Ya pili hupuliza mvuke wa mafuta yenye harufu kali puani kwa mbwa, na mafuta hayo kwa kawaida ni ya mmea wa jamii ya mchaichai, uleule unaotiwa kwenye chai. Mchaichai ambao mtu anauona wa kupendeza, kwa pua ya mbwa ni kama kupigwa kofi la harufu. Ya tatu hutoa mlio ambao mwanadamu hausikii. Halafu kuna ndugu zao wa zamani wasio na betri: mnyororo unaokaba mbwa anapovuta, na mkanda wa chuma wenye meno yanayotazama ndani.

Zinafanya kazi? Mara nyingi ndiyo, kwa wiki ya kwanza. Maumivu hunyamazisha, hilo halihitaji utafiti. Kinachotakiwa kuulizwa ni mbwa amejifunza nini. Kola haijui mwizi wala bodaboda wala mtoto. Inajua kwamba koo limetetema. Mbwa naye hajui kwamba anaadhibiwa kwa sauti yake. Anachojua ni kwamba aliangalia kitu fulani na shingo ikauma. Kwa hiyo anaunganisha maumivu na kile alichokuwa akikiangalia.

Nyumba moja ya upande wa Kinzudi ililijua hilo kwa gharama. Jirani yao, mama mwenye kichanga cha wiki tatu, alikuja kugonga saa saba usiku akiwa na khanga mabegani.

"Shemeji, samahani kwa kuwaamsha," alimwambia baba mwenye nyumba. "Huyo mbwa toka saa tano hajanyamaza. Mtoto akishtuka, mimi ndiyo basi tena mpaka asubuhi."

"Tuwie radhi dada. Wiki hii hii nalimaliza."

Akaagiza kola ya umeme. Usiku wa kwanza ukimya ulikuwa wa ajabu, hata wao wenyewe hawakulala kwa kuusikiliza. Jirani alituma ujumbe wa shukrani. Lakini kola ilibaki shingoni na mchana pia, maana kuivua na kuivalisha kulihitaji watu wawili. Katika nyumba hiyo kuna mtoto wa kiume wa miaka saba, anayerudi na basi la shule saa tisa na nusu. Siku zote mbwa alimpokea kwa kelele za furaha akiwa bandani. Sasa kila alipompokea, shingo iliungua. Siku ya nne au ya tano mbwa alimwona mtoto akiingia getini, akarudi kona ya banda, masikio yamelala. Wiki iliyofuata mtoto alipoingiza mkono kumshika kichwa kama kawaida yake, mbwa alinguruma. Hakubweka kwanza. Meno yalifika kwenye mkono wa shati, yakaishia hapo.

Mama ndiye aliyeunganisha mambo. Aliivua kola, akakuta chini yake mashimo mawili yenye majimaji, akaenda kumwita ofisa mifugo wa kata.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Huyu kang'atwa na nani?"

"Hajang'atwa. Ni mkanda."

Mzee yule aliyaangalia mashimo kwa muda. Akasema mbwa aliyekatazwa kubweka na aliyekatazwa kunguruma hajakatazwa kuuma. Ameondolewa tu hatua mbili za mwanzo ambazo zilikuwa zinawasaidia wao. Wazazi wale waliyarudia maneno hayo kwa majirani wengi baadaye, na ni maneno ambayo madaktari wa mifugo wa nchi nyingi wangeyakubali. Mnguruno ni onyo. Mwenye kuuadhibu anajitengenezea mbwa anayeuma bila onyo.

Vidonda vile navyo si vya nyumba moja. Vijiti vikikaa sehemu moja ya ngozi kwa saa nyingi vinazuia damu kupita, na kwa joto la Dar es Salaam kidonda hakichelewi. Hata mkanda wa kawaida una hatari yake. Mtoto wa mbwa aliyefungwa kamba au waya shingoni akiwa na miezi miwili anakua, kamba haikui. Madaktari wa mifugo hukuta kamba imezama ndani ya nyama. Kipimo ni rahisi: vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo, na kwa mbwa anayekua kipimo hicho kifanywe kila wiki.

Wapo walioliona jambo hili mpaka kwenye sheria. Wales, ile sehemu ya Uingereza ambako kondoo ni wengi kuliko watu na mbwa wa kuswaga ni mfanyakazi anayeheshimika, ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010. Ujerumani, mahakama ya juu ya masuala ya utawala iliamua mwaka 2006 kwamba matumizi yake yanakiuka sheria ya ulinzi wa wanyama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwafundisha mbwa 63, wengi wao wenye tabia ya kutorudi wanapoitwa au kukimbiza mifugo. Wengine walifundishwa kwa kola za umeme, wengine kwa zawadi. Kola haikuonekana kuwapita wenzao kwa matokeo, na mbwa wake walionyesha dalili zaidi za msongo. Tanzania haina katazo la kola hasa, lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga mnyama asimsababishie mateso yasiyo ya lazima. Wengi wenye mbwa Goba hawajawahi kuisikia.

Somo liko Morogoro

Kutoka Goba hadi Mbezi Mwisho ni daladala moja, na pale ndipo ilipo Stendi ya Magufuli, mlango wa mabasi yaendayo mikoani. Mabasi ya Morogoro hayakatiki. Kibaha, Chalinze, halafu milima ya Uluguru inaanza kujionyesha kushoto, ya bluu, vilele vyake vikiwa ndani ya mawingu hata siku ya jua. Chini ya milima hiyo kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii wamesomea. Na ndani ya eneo la chuo hicho kuna shirika liitwalo APOPO, linalofundisha panya.

Si panya wa ghalani yule mdogo. Ni panya buku, mkubwa karibu kama paka, ambaye katika vijiji vingi anajulikana kwa kuiba mahindi na karanga. Shirika lilianzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, na tangu mwaka 2000 makao ya mafunzo yako Morogoro. Panya hawa hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine hunusa kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA kwa kazi yake ya kugundua mabomu. Alikufa Januari 2022, uzeeni, mabomu yakiwa hayajamgusa.

Mtu mwenye mbwa msumbufu angefaidika kujua anavyofundishwa panya huyu. Haanzi na mabomu. Macho yake yakishafumbuka, wiki chache baada ya kuzaliwa, mwalimu humbeba mikononi, humzoesha sauti za watu, injini za magari, nyasi mbichi, harufu za kila namna, ili dunia isimtishe. Kisha hufundishwa jambo moja tu: mlio mfupi wa kidude cha mkononi, kli, maana yake chakula kinakuja. Kli, kipande cha ndizi. Kli, kipande cha ndizi. Akishaelewa, mlio huo unakuwa kama tiki ya mwalimu kwenye daftari. Anaponusa harufu sahihi, kli. Anaponusa nyingine, hakuna kinachotokea. Hapigwi, hafokewi. Kwa kawaida mafunzo yote huchukua karibu miezi tisa, na mwisho wake mnyama ambaye wakulima humwekea mitego anaweza kuaminiwa na maisha ya watu wanaotembea nyuma yake.

Kama panya buku anafundishika kwa ndizi, mbwa ambaye mababu zake wameishi na binadamu maelfu ya miaka hana sababu ya kushindwa kwa dagaa.

Familia ile ya Kinzudi haikwenda Morogoro. Ofisa mifugo ndiye aliyewaletea somo hilo, kwa namna nyepesi zaidi. Kwanza aliwaamuru wabadili mazingira kabla ya kumgusa mbwa. Geti lao lilikuwa na nafasi ya kiganja chini, mbwa akiona kila mguu unaopita. Wakaiziba kwa bati. Banda lilikuwa limegusana na ukuta wa jirani mwenye kichanga. Likahamishiwa upande wa barabara, nyuma ya tangi. Mnyororo ukaondolewa. Kila siku alfajiri na jioni, baba au binti mkubwa akawa anamtoa kwa kamba dakika ishirini mpaka kwenye uwanja wa mpira, anuse anachotaka. Kunusa nako humchosha mbwa. Hilo peke yake, kabla ya somo lolote, lilipunguza kelele za usiku kwa kiasi ambacho jirani alikiona.

Kisha somo. Dagaa wakavu mfukoni, wadogo, kama kumi. Mtu mmoja apite nje ya geti agonge. Mbwa abweke, aachwe abweke mara mbili tatu, maana hiyo ndiyo kazi aliyowekewa. Halafu mwenye nyumba asogee kwa utulivu na kumwekea dagaa karibu na pua. Mbwa hawezi kunusa na kubweka kwa wakati mmoja. Akinyamaza, hata kwa pumzi moja, aambiwe "kimya" kwa sauti ya kawaida na apewe. Siku ya pili asubiri kwa pumzi mbili. Wiki ya pili, mpaka kuhesabu kumi. Neno liwe lilelile kwa kila mtu nyumbani, kuanzia baba mpaka dada wa kazi, kwa sababu nyumba ambayo mmoja anasema "kimya", mwingine "nyamaza wewe" na wa tatu anarusha kandambili inamfundisha mbwa mambo matatu. Dakika tano zinatosha, asubuhi na jioni.

Kufoka ndiko kunakoharibu zaidi. Mtu anapochomoza kichwa dirishani saa nane usiku na kupiga kelele, mbwa haoni karipio. Anaona mwenye nyumba naye amekuja kumsaidia kubweka. Na yule anayebweka kwa upweke, akitolewa nje ya banda kila anapopiga kelele, amefundishwa kwamba kelele ni ufunguo. Hapo inabidi kusubiri anyamaze kwanza, na mzazi ajue kwamba siku za mwanzo kelele zitapanda kabla ya kushuka, sawasawa na mtoto aliyenyimwa pipi dukani. Majirani waarifiwe mapema. Chupa ya asali au trei ya mayai hupunguza maneno mengi katika wiki hiyo.

Iliwachukua kama miezi miwili. Si ukimya mtupu. Mbwa yule bado hubweka mtu akigusa geti usiku, na ndicho walichomfugia. Anabweka mara tatu, nne, anasikiliza, anarudi kulala. Ilichukua muda mrefu zaidi kwa mtoto na mbwa kuaminiana tena, na hilo lilifanywa polepole: mtoto akikaa kwenye kigoda mbali, akitupa dagaa bila kumtazama usoni, mpaka siku mbwa alipokuja mwenyewe na kulaza kidevu kwenye goti lake. Mama alikuwa amesimama hapohapo. Sheria ya nyumba ile sasa ni kwamba mtoto mdogo hakai na mbwa bila mtu mzima, hata mbwa akiwa mpole kiasi gani.

Watoto wa Goba wanahitaji kufundishwa mambo mengine machache, na shuleni hawafundishwi. Mbwa anayekula, anayelala, anayenyonyesha au aliyefungwa mnyororo haguswi. Mkia unaotikisika si furaha siku zote. Ukiwa umesimama wima na mwili umekakamaa, ni tishio. Mbwa anayegeuza kichwa, kulamba midomo pasipo chakula au kuonyesha weupe wa jicho anaomba aachwe. Mbwa mgeni akija mbio, mtoto asikimbie. Asimame kama mnazi, mikono kifuani, macho chini, mpaka mbwa achoke kunusa aende zake.

Kuna hatari moja ambayo hakuna mafunzo yanayoizuia, nayo ni kichaa cha mbwa. Karibu wagonjwa wote wa binadamu wa ugonjwa huo duniani huupata kwa kuumwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu kumi wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, mgonjwa haponi. Kabla ya dalili, anaokoka: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama alama ni mkwaruzo tu. Watoto huficha mikwaruzo wakiogopa mbwa wao atauawa au wao kuchapwa. Ni vizuri wakaambiwa mapema kwamba hawatachapwa.

Mbwa akifikisha miezi mitatu huchanjwa, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi huchanja karibu na siku hiyo. Ukipita penye ofisi ya serikali ya mtaa siku ya chanjo utakuta foleni chini ya mwembe: watoto wameshika kamba za katani, vipande vya khanga, hata mkanda wa suruali ya baba, na mwisho wa kila kamba mbwa anayetazama pembeni. Wanabweka kidogo kuliko mtu anavyotarajia. Katika kampeni nyingi, aliyekwisha kuchomwa sindano hufungwa utepe wa rangi shingoni ili wachanjaji wasimrudie. Utepe huo hauumi wala hauna betri. Kadi yenye tarehe hupewa mtoto, na mzee mmoja kwenye benchi huwakumbusha wote kwa zamu: "Mpeni mama aiweke pamoja na kadi zenu za kliniki."